64 juu ya 100 ni pointi gani? Bulletini, uzito wa masomo na mtihani mbele ya universite za Marekani

Maneno yaliyotolewa mbele ya wafinalisti, wazazi na walimu, katika kikao cha Jumamosi juu ya masomo na bursi



Nianze na karatasi moja. Mwezi uliopita mdogo wetu mmoja wa hapa mjini alikuja kuniona, telefone mkononi. Alikuwa anajaza dosie ya universite moja ya Marekani. Mahali pa pointi akakwama. «Yaya, hapa minaandika nini?» Bulletini yake ya mwaka wa tano iko na 64 juu ya 100. Binamu yake mwenye kukaa kule alikuwa amemuambia abadilishe pointi zake katika herufi za Wamarekani. Akatafuta jedwali kwenye intaneti: kuanzia 90 ni A, kuanzia 80 ni B, 70 ni C, 60 ni D, chini ya 60 ni F, ni kusema umeanguka. Basi alikuwa karibu kujiandikia D. Na huyu mtoto ni wa pili darasani, kati ya wanafunzi 41. Wa kwanza alikuwa na 66.

Nikamuambia: funga hiyo jedwali. 64 yako si D. Andika 64 juu ya 100 sawa vile bulletini inasema, kisha tutafute mtu wa kueleza hiyo 64 ni kitu gani. Ile siku njo nilikata shauri tuje tuongee hapa, juu kila mwaka munaniuliza ulizo moja: kule wanaangalia nini, bulletini ao mtihani? Na nyuma ya hilo kuko ulizo lingine lenye kutuhusu siye wote, hata mwenye hataomba bursi hata siku moja: nani anaweza kupima akili ya mtoto, mwalimu mwenye alikuwa naye mwaka mzima, ao karatasi ya siku moja?

Tuanze na vile wanasoma dosie. Universite zenye ninasemea ni zile zenye kuchagua sana: Harvard, Yale, MIT, Stanford, Dartmouth na wenzao. Universite nyingi za Marekani hazichagui namna hiyo, zinapokea sehemu kubwa ya wenye kuomba. Lakini hizi zinakamata chini ya 10 kwa kila waombaji 100.

Kitu cha kwanza wanafungua si mtihani. Ni pointi za miaka 4 ya mwisho ya sekondari, kozi kwa kozi. Na pembeni ya pointi wanaangalia uzito wa masomo: ulichukua nini kati ya vile shule yako ilikuwa navyo? Juu kule mtoto anachagua kozi zake mwenyewe. Mmoja anaweza kuchukua hesabu nyepesi, mwenzake wa shule ileile anachukua hesabu ya AP, ni kusema kozi ya kiwango cha universite yenye kufundishwa sekondari, na mwisho wake kuko mtihani wenye kupimwa kutoka 1 mpaka 5. Shule nyingi zinaongeza thamani ya kozi hizo: A ya kawaida inahesabiwa 4, A ya AP inahesabiwa 5. Wazazi wa kule wanauliza kila mara: ni heri A katika kozi nyepesi ao B katika kozi ngumu? Watu wa ofisi za kupokea wanafunzi wanapenda kujibu: ni heri A katika kozi ngumu. Watu wanacheka. Lakini mwenye kukimbia kozi ngumu ili alinde wastani wake, wanamuona.

Sasa sikieni hapa vizuri. Shule moja iko na kozi za AP 20. Ingine iko na 2, ao haina hata moja. Njo maana kila shule inatuma pia karatasi yake yenyewe, wanaiita profili ya shule: kozi zetu ni hizi, tunatoa pointi kwa namna hii, wanafunzi wetu wengi wanapata kati ya hapa na hapa. Mwenye kusoma dosie anamweka mtoto kando ya wenzake wa shule yake. Hapaswi kukudai kozi yenye shule yako haikuwa nayo. Basi ile 64 yetu bila profili ni namba yenye kutembea uchi. Pamoja na profili, ni mtoto wa pili katika darasa ambamo hakuna hata mmoja aliyefika 70.

Kwa nini basi kuko mtihani? Wa SAT ulianza 1926, unapimwa juu ya 1600. Mwenzake, ACT, ulianza 1959, juu ya 36. Kazi yao ni kuweka watoto wa shule mbalimbali mbele ya maulizo ya kiwango kimoja, juu mwalimu wa hapa hajui kama 80 yake inalingana na 80 ya mwalimu wa mtaa wa pili. Hii hatuna haja ya kuelezwa. Kila mtu katika hii sali anaweza kunitajia shule yenye 60 yake inaogopewa, na shule ingine yenye 85 yake inachekesha.

Kule tatizo liko na sura yake: pointi zinavimba. Watu wa ACT wenyewe walihesabu wastani wa pointi za shule wa wenye kufanya mtihani wao: mwaka 2010 ulikuwa 3,17 juu ya 4, mwaka 2021 ukawa 3,36, na alama za mtihani hazikupanda. (Ndiyo, hao wanauza mtihani, mupime maneno yao kwa mizani hiyo.) Fikirini siku ya proklamasio. Prefe anasimama, anasoma: wa kwanza 95, wa pili 95, wa tatu 95, hivyo hivyo mpaka wa 30. Pale bulletini haidanganyi, lakini inaanza kunyamaza. Haiwezi tena kukuonyesha nani ni nani.

Mwaka 2020 korona ikafunga vituo vya mtihani. Karibu universite zote zenye kuchagua zikasema: kutuma alama ni kwa hiari, mwenye kupenda atume, mwenye hapendi aache. Wazo halikuwa jipya, chuo cha Bowdoin kilikuwa kimeanza vile tangu 1969. Na watu wengi wenye kupigania haki walishangilia, juu mtihani unafuata mfuko wa mzazi. Hii ni kweli. Wachumi wa Harvard, katika kikundi chenye kuitwa Opportunity Insights, walionyesha kwamba watoto wa asilimia 1 ya matajiri wanafika 1300 ya SAT ao zaidi mara 13 kuliko watoto wa familia maskini. Kwa hiyo watu wakasema: ondoa mtihani, maskini ataingia. Nami niliamini hivyo. Nilisema hata mbele za watu.

Kisha Dartmouth ikaangalia ndani ya makaratasi yake yenyewe. Ikakuta watoto wa familia maskini wenye walipata karibu 1400 na hawakutuma. Walificha. Kwa nini? Muone mtoto wa namna hiyo. Katika shule yake watu wanapata 1000, yeye anapata 1400. Anafungua intaneti, anasoma kwamba wenye kupokelewa kule wanapata 1500 na kupita, anajiambia: yangu itaniaibisha. Anaacha pale wazi. Lakini ofisi ingeona 1400 kutoka shule ile, ingesimama kidogo: huyu ni nani? Hiyo alama njo ingemsaidia kuingia, naye aliitupa kwa mikono yake.

Mwezi wa pili 2024 Dartmouth ikarudisha mtihani kuwa lazima. MIT ilikuwa imetangulia, mwezi wa tatu 2022, na sababu yake iko wazi: kule kila mwanafunzi, hata wa lugha, anapaswa kupita kalkulasi na fizikia, hakuna njia ya pembeni. Wakasema pia kwamba alama ya mtihani inawasaidia kutambua mtoto mwenye akili ya hesabu ambaye shule yake haikuwa na kozi za juu. Yale, Brown, Harvard, Caltech na Stanford zikafuata mwaka uleule wa 2024. Yale inakubali mtoto alete matokeo ya AP pahali pa SAT. Columbia imebaki na hiari.

Munaona ubaya ulikuwa wapi? Ninaona haukuwa katika mtihani wenyewe, wala katika kuuondoa. Ulikuwa katika lile neno «hiari». Mtoto wa avoka alikuwa na mshauri wa kulipwa wa kumuambia: hii tuma, ile acha. Mtoto wa dereva alisoma neno hilo peke yake, usiku, kwenye telefone, akafikiri limesema kila kitu. Kanuni ilikuwa kwenye ukurasa, lakini namna ya kuitumia ilikuwa ndani ya nyumba za watu wachache.

Sasa kuko masomo mawili yenye watu wanapigana nayo, na mutayakuta. La kwanza ni la wale wachumi, la mwezi wa kwanza 2024, juu ya universite 12 za juu kabisa. Walilinganisha mwenye 1600 na mwenye 1200: mwaka wa kwanza wa universite wanaachana 0,43 juu ya 4. Kisha mwenye wastani wa sekondari wa 4,0 na mwenye 3,2: wanaachana chini ya 0,1. Ni kusema pale juu, mtihani unaona mbali kuliko bulletini. La pili ni la 2020, juu ya wanafunzi waliotoka shule za serikali za muji wa Chicago. Kule wakakuta kinyume: kutabiri nani atamaliza universite, wastani wa sekondari uko na nguvu mara 5 kuliko ACT.

Nani anadanganya? Hakuna. Ni maulizo mawili, na kila moja lilipata jibu lake. Kumaliza universite kunaomba kuamka, kufika, kufanya devoir yenye hakuna mtu anakuangalia, kuvumilia profesa mwenye hakupendi, miaka 4. Hiyo ni kazi ya kila siku, na wastani wa sekondari ni kumbukumbu ya kazi ya kila siku. Lakini pale Harvard karibu kila mwenye kuingia alikuwa wa kwanza kwao. Wote ni 95 ya ile proklamasio. Kutenganisha hao, bulletini haiwezi tena, unabaki mtihani. Mwenye kukuambia «pointi njo muhimu» ao «mtihani njo muhimu» bila kukuambia ni wapi na kwa kazi gani, usimfuate.

Kuko pia wenye walijaribu njia zingine. Texas, mwaka 1997, ilitunga sheria: kila mtoto mwenye kuwa katika 10 ya kwanza kwa kila 100 wa shule yake anaingia universite za serikali za jimbo lile, shule iwe ya matajiri, iwe ya kijiji cha ng'ombe. Mimi ninaipenda hii sheria. Inamaliza ubishi wa 60 ya hapa na 85 ya kule, juu kila mtoto analinganishwa na wenzake wenye walikaa naye kwenye banki moja. Watu wakajaa pale Austin, universite kubwa ya jimbo, mpaka 10 ikapunguzwa.

California ilikwenda mbali zaidi. Mwezi wa tano 2020 wakubwa wa University of California waliamua kuondoa SAT na ACT, na leo hata ukituma, hawataangalia wakati wa kuchagua. Kumbukeni, tume ya maprofesa wao wenyewe ilikuwa imewaambia miezi michache mbele kwamba mtihani unasaidia kutabiri. Mwaka 2025 tume ingine, ya San Diego, moja ya universite zao, ikaandika kwamba karibu mwanafunzi mpya 1 kwa 8 anafika na hesabu chini ya kiwango cha sekondari, na kati ya wale wenye kupelekwa kurudilia kuko wenye bulletini zao zilikuwa na pointi za juu kabisa za hesabu. Korona iko na sehemu yake katika hayo, tume ilisema vile. Lakini muweke akilini yule mtoto: miaka yote walimuambia A, A, A, na hakuna aliyemuambia kwamba hajui sehemu, zile nusu na robo. Huyo alifanyiwa mabaya, hata kama alifurahi siku ya bulletini.

Na msifikiri mtihani ni malaika. Mwezi wa tatu 2019 serikali ya Marekani ilifungulia mashitaka watu 50 hivi: wazazi wenye pesa, makocha, watu wa vituo vya mtihani. Wazazi walilipa mtu asahihishe majibu ya SAT ya mtoto wao kisha mtoto ametoka. Wengine walilipa watoto wao waandikwe kama wachezaji wa michezo yenye hawajui kucheza. Nimesoma ile habari nikacheka peke yangu: kumbe bouillon iko hata kule, ila bei yake njo inaachana.

Nimefika kwetu. Hapa siye tulichagua zamani: Exetat njo mfalme. Asilimia yako ya diplome inakufuata mpaka uzee, inaulizwa kwa fakilte, inaulizwa kwa kazi. Bulletini za miaka 6 zinalala ndani ya sanduku la mama. Na kwa nini zinalala? Juu hakuna mwenye kuziamini. Na kwa nini hakuna mwenye kuziamini? Walimu wengine wako hapa, watanisamehe. Juu pointi zinauzwa. Mwaka wangu wa tano, shuleni mwetu, kulikuwa kozi moja yenye bei ilijulikana, na mimi sikulipa. Nilipata 9 juu ya 20 kwa karatasi yenye sikurudishiwa hata leo. Rafiki yangu mwenye kunakili kwangu alipata 14. Na wadada munajua bei ingine, yenye si pesa. Sitaizungusha: mwalimu mwenye kudai mwili wa mwanafunzi juu ya pointi anafanya uhalifu, na pointi anayotoa ni ya uongo mara mbili.

Sasa muone kinachofuata. Bulletini ikifa, kila kitu kinabebwa na siku 4 za Exetat. Mtoto mwenye malaria ile juma, amekwisha. Mtoto mwenye kukimbia vita na kukosa miezi 2 ya masomo, amekwisha. Na juu siku hizo 4 ni za bei kali sana, bouillon inapata soko. Mtihani wenye kubeba kila kitu unaharibika haraka. Ninasema hivi kwa sababu kuko ndugu zetu wenye kufikiri dawa ni kuongeza askari mbele ya vituo. Waongeze, sikatai. Lakini dawa ingine ni ndogo na iko mkononi mwetu, hapa, muhula huu: kila karatasi ya mtihani wa shule irudishwe kwa mwanafunzi, imesahihishwa, na daftari ya pointi ya mwalimu iweze kuangaliwa na mzazi. Kamati za wazazi zinaweza kuliomba hili kwa maandishi. Haliombi pesa ya Kinshasa. Walimu, nalo linawalinda ninyi pia: siku mzazi mwenye cheo anakuja kukuomba uongeze, unamuonyesha karatasi ya mtoto wake.

Na ninyi wenye kuomba kule, haya njo nimeona yanasaidia. Pointi andikeni sawa vile ziko, mufanye tafsiri ya bulletini, lakini musibadilishe namba. Ombeni prefe awape barua ya shule: darasa lilikuwa na wangapi, wewe ulikuwa wa ngapi, mwenye kushinda alipata ngapi, seksio yako inafundisha nini na saa ngapi kwa juma. Kama uko seksio ya hesabu na fizikia, iseme, uzito wa masomo yako ni sehemu ya dosie yako. Mtihani: anza kwa kuangalia kama universite yako inauomba, juu kanuni inabadilika mwaka kwa mwaka na ya kaka yako ya 2021 imekufa. SAT kwa mtu wa nje ya Marekani inapita dola 100, bila kuhesabu safari, basi usiilipe mbele ya kujua. Mazoezi yake yako bure kwa Khan Academy. Na ukipata alama, usiipime na wastani wa Harvard. Ipime na pahali ulitoka. Pale ni kwa hiari, kama hujui utume ao uache, andikia ofisi yao uwaulize. Wanajibu. Si aibu, ni kazi yao.

Yule mdogo wetu, barua yake ilichukua wiki 2. Prefe alisema kwanza kwamba shule haijaandika karatasi ya namna hiyo tangu ianze, na hajui inaanzia wapi. Tukakaa naye, tukahesabu palmarès za miaka 5 ya nyuma: seksio ile, mwenye kupita 70 alikuwa mmoja tu. Akashangaa mwenyewe. Ijumaa akatia muhuri.

Mufano wa ile barua, bila jina la mtoto wala la shule, uko pale mezani karibu na mlango, kopi 30. Chukueni, na mwenye kukosa anakili kwa mwenzake, hapa kunakili kunaruhusiwa. Sasa nasikia maulizo. Mama wa kule nyuma alikuwa amenyanyua mkono tangu mwanzo, tuanze na yeye.